Nyumba Yenye Ukungu: Haki ya Mpangaji Kutengenezewa na Kusikilizwa

Mada iliyotolewa na Tume ya Haki na Amani kwa viongozi wa walei wa jumuiya za waamini wasemao Kiswahili waishio England

Katika kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 14, sote tunaijua sheria ya wenye ukoma. Lakini ni wachache wetu wanaoisoma sura hiyo hadi mwisho, maana tukifika aya ya 33 tunadhani habari za ugonjwa zimekwisha. Kumbe hapo ndipo inapoanza sheria nyingine, nayo ni sheria ya nyumba. Mwenye nyumba akiona madoa ya kijani au mekundu yaliyozama ukutani, amwendee kuhani na kumwarifu. Kuhani aamuru vyombo vitolewe nje, aende mwenyewe kuangalia, aifunge nyumba kwa siku saba, kisha arudi. Akikuta madoa yameenea, mawe yaliyoharibika yang'olewe, kuta zikwanguliwe na kupigwa lipu mpya. Na madoa yakitokea tena baada ya kazi hiyo yote, nyumba ibomolewe.

Tuzitazame hatua hizo kwa makini: taarifa, ukaguzi, muda uliowekwa, kurudi kukagua tena, matengenezo, na mwishowe uamuzi. Wala hatusomi popote kwamba kuhani alimwuliza mwenye nyumba kama anaoga mno, au kama anapika vyakula vyenye mvuke mwingi.

Tarehe 21 Desemba 2020, katika mji wa Rochdale, kaskazini mwa England, alifariki mtoto aitwaye Awaab Ishak. Alikuwa ametimiza miaka miwili siku nane tu kabla ya hapo. Wazazi wake walitoka Sudan, nao walikuwa wapangaji wa chama cha nyumba. Baba yake alitoa taarifa ya ukungu kwa mara ya kwanza mwaka 2017, kabla mtoto hajazaliwa. Aliambiwa apake rangi juu yake. Akapaka, na ukungu ukarudi. Mwezi Julai 2020 muuguzi atembeleaye watoto majumbani naye akawaarifu wenye nyumba. Mkaguzi akaja, akauona ukungu jikoni na bafuni, akaandika kwamba unahitaji kushughulikiwa. Kazi haikufanyika. Kwa kuwa familia ilikuwa imekwisha kumwendea mwanasheria, utaratibu wa chama kile ulikuwa ni kungoja mpaka mawakili wakubaliane. Mawakili wakaendelea kuandikiana, na mtoto akaendelea kuvuta hewa ile.

Mwezi Novemba 2022 mchunguzi wa vifo alitoa uamuzi wake: mtoto alikufa kwa maradhi makali ya njia ya hewa, yaliyosababishwa na kuishi muda mrefu katika nyumba yenye ukungu, na hatua za kuutibu na kuuzuia ukungu huo hazikuchukuliwa. Wenye nyumba walikiri kwamba walijijengea dhana juu ya maisha ya familia ile, hata juu ya desturi zao za kuoga, na kwamba dhana hizo hazikuwa za kweli.

Hapo ndipo habari hii inapotugusa sisi. Waamini wengi wa jumuiya zetu, waliotoka Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania, wanaishi katika nyumba za namna hiyo hiyo, wanazungumza Kiingereza cha kubahatisha, na wamekwisha kuambiwa maneno yale yale: fungueni madirisha, msianike nguo ndani, punguzeni kupika. Tumeombwa na viongozi wa jumuiya tueleze ni haki gani mpangaji anayo, na afuate njia gani anapopuuzwa. Tutafanya hivyo kwa kadiri ya nafasi tuliyo nayo.

Kwanza tuelewane juu ya nyumba tunazozisema. Ni nyumba zinazopangishwa kwa kodi iliyo chini ya bei ya soko, na wenye nyumba hizo ni wa aina mbili kubwa: halmashauri za miji na wilaya, na vyama vya nyumba, ambavyo ni mashirika yasiyogawana faida. Katika England pekee nyumba hizo ni takriban milioni 4, yaani kaya moja katika kila sita hivi. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina sheria zao, kwa hiyo ndugu zetu walioko Glasgow au Cardiff wasiyachukue haya kama yalivyo. Nao wanaopanga kwa mtu binafsi wanahusika na baadhi ya mambo tutakayosema, si yote.

Waliokulia katika nyumba za halmashauri ya jiji huko Kaloleni au Jericho, Nairobi, au katika nyumba za Shirika la Nyumba la Taifa, Dar es Salaam, wanajua kwamba mwenye nyumba anaweza kuwa Serikali yenyewe. Wanajua pia kwamba ukimlalamikia mwenye nyumba wa namna hiyo, hujui unamlalamikia nani. Karani atakupeleka kwa mhandisi, mhandisi kwa mkandarasi, mkandarasi kwa karani. Mambo hayo yapo hapa pia. Tofauti ni kwamba hapa sheria imeweka siku, na siku zinahesabika.

Msingi wa yote ni kifungu cha 11 cha Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 1985. Kwa sheria hiyo mwenye nyumba hana budi kuutunza mwili wa nyumba na sehemu zake za nje: paa, kuta, madirisha, mifereji ya maji ya mvua na mabomba ya maji machafu. Hana budi pia kutunza mitambo ya maji, gesi na umeme, masinki, bafu na choo, pamoja na mitambo ya kupashia joto nyumba na maji. Hawezi kujivua wajibu huo kwa kuandika vinginevyo katika mkataba. Mkitia sahihi mkataba usemao kwamba mpangaji atatengeneza paa, maneno hayo hayana nguvu. Mwaka 2018 Bunge liliongeza sheria nyingine, iliyoanza kutumika Machi 2019, isemayo kwamba nyumba iwe inafaa kukaliwa na binadamu mwanzoni mwa upangaji na wakati wote wa upangaji. Sheria hiyo ina faida moja kubwa. Unyevu unaotokana na ubovu wa hewa kupita, ambao zamani wenye nyumba walisema si uharibifu wa kitu chochote, sasa unaweza kumpeleka mwenye nyumba mahakamani.

Mpangaji naye ana wajibu wake: kuitumia nyumba kwa uangalifu, kutengeneza alichokivunja mwenyewe au wageni wake, na kumruhusu fundi kuingia baada ya kupewa taarifa ifaayo. Tunalisema hili la mwisho kwa mkazo, maana tumepata kuona malalamiko mazuri yakianguka kwa sababu fundi alikuja mara tatu na mlango haukufunguliwa. Kama siku iliyopangwa ni siku ya zamu yako kazini, usikae kimya. Andika uombe siku nyingine.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kwa uharibifu ulio ndani ya nyumba unayokaa, wajibu wa mwenye nyumba huanza pale anapojua. Ukikaa na bomba linalovuja miezi sita bila kumwambia, miezi sita hiyo haihesabiwi kwako. Ndiyo maana tunasisitiza taarifa, na taarifa ya maandishi. Ukipiga simu, omba namba ya kumbukumbu, uandike tarehe, saa, na jina la aliyepokea. Kisha siku hiyo hiyo andika ujumbe mfupi wa kuthibitisha mliyozungumza. Piga picha za ukuta, na urudie kila baada ya wiki, ukiwa umesimama pale pale, ili ionekane kama ukungu unaenea. Tunza barua za daktari. Ndugu zetu wengi ni hodari wa kusimulia lakini wavivu wa kuandika. Katika nchi hii jambo lisiloandikwa huonekana kama halikutokea.

Kwa wapangaji wa halmashauri ipo pia haki ndogo ya tangu mwaka 1994, ambayo imesahauliwa hata na baadhi ya makarani. Kanuni za mwaka huo zinataja matengenezo madogo ya dharura yasiyozidi gharama ya paundi 250, na kila moja limepewa muda wake. Choo kisichopitisha maji, ikiwa ni kimoja tu nyumbani, siku 1 ya kazi. Bomba lisilofungika, siku 3. Feni ya kutoa mvuke jikoni au bafuni pasipo dirisha, siku 7. Muda ukipita, mpangaji anaweza kudai mkandarasi mwingine aletwe. Naye akishindwa, mpangaji hulipwa paundi 10, na paundi 2 kwa kila siku inayozidi, mpaka zifike 50. Fedha hizo ni chache, hatukatai. Lakini tazameni hiyo feni ya siku 7. Ni nyumba ngapi za waamini wetu ambamo feni ya bafuni imekufa tangu mwaka juzi, halafu wenyewe wanaambiwa ukungu umeletwa na maisha yao?

Hebu tulieleze jambo hili la ukungu, maana ndilo linaloleta maneno mengi. Hewa yenye joto hubeba mvuke, na ikigusa ukuta wa baridi mvuke hugeuka kuwa maji. Ukuta ukikaa na maji, ukungu huota. Ni kweli kwamba kupika, kuoga na kukausha nguo huongeza mvuke. Lakini kila binadamu hupika, huoga na kufua. Nyumba isiyoweza kuhimili mambo hayo matatu ina kasoro, au ya ukuta usiozuia baridi, au ya hewa isiyopita, au ya mitambo ya joto isiyofanya kazi. Mwezi Oktoba 2021, mwaka mmoja kabla ya uamuzi wa Rochdale, Msuluhishi wa malalamiko ya nyumba alitoa taarifa maalum kuhusu unyevu na ukungu, akiwataka wenye nyumba waache kabisa kusingizia mtindo wa maisha ya wapangaji. Kwa hiyo mkiambiwa neno hilo, mjibu kwa adabu kwamba mnaomba ukaguzi, na matokeo yake kwa maandishi.

Pamoja na hayo, tuseme ukweli mbele ya ndugu zetu wenyewe. Wapo kati yetu wanaoziba matundu ya hewa kwa magazeti ili joto lisitoke, wakiogopa ankara ya gesi. Wapo wanaolaza watu saba katika nyumba ya watu watatu, kwa sababu mgeni hafukuzwi. Tunaelewa sababu za yote mawili, na la pili linatokana na ukarimu tuliorithi. Lakini mkaguzi akija akikuta magazeti katika tundu la hewa, ataandika hayo na kuondoka. Yaondoeni.

Sasa tufike kwenye sheria iliyopewa jina la mtoto yule. Mwezi Julai 2023 ilipitishwa Sheria ya Udhibiti wa Nyumba za Jamii, na ndani yake kipengele kinachojulikana kama Sheria ya Awaab. Kanuni zake za awamu ya kwanza zilianza kutumika tarehe 27 Oktoba 2025. Zinahusu hatari zote za dharura, pamoja na unyevu na ukungu wenye hatari kubwa kwa afya. Serikali ilieleza kwamba hatari nyingine, kama baridi kali, zitafuata katika awamu zijazo.

Hatari ya dharura, mfano nyaya za umeme zilizo wazi, au ukungu unaomzuia mgonjwa wa pumu kupumua, ni lazima ichunguzwe na kuondolewa ndani ya saa 24 tangu mwenye nyumba alipojua. Unyevu au ukungu wenye hatari kubwa, ingawa si wa dharura, uchunguzwe ndani ya siku 10 za kazi. Uchunguzi ukiisha, mpangaji apewe muhtasari wa maandishi ndani ya siku 3 za kazi. Na ikionekana hatari ipo, nyumba ifanywe salama ndani ya siku 5 za kazi tangu uchunguzi ulipokwisha. Kazi kubwa zaidi ya kuzuia hatari isirudi nayo ianze ndani ya siku hizo 5, na isipowezekana, ianze mapema iwezekanavyo bila kupita wiki 12. Na ikiwa nyumba haiwezi kufanywa salama kwa wakati, mwenye nyumba hana budi kuipatia familia mahali pengine pa kukaa, kwa gharama yake.

Siku za kazi ni Jumatatu hadi Ijumaa, bila sikukuu. Ukitoa taarifa Jumatatu, basi Jumatatu ya wiki mbili baadaye uchunguzi uwe umekwisha. Hesabu hiyo mtoto wa darasa la pili anaiweza, na tunaomba kila kiongozi wa jumuiya aifahamu.

Ni muhimu pia kumwambia mwenye nyumba ni nani anayeishi humo. Hatari hupimwa kwa kumtazama mtu aliyepo. Ukungu ambao kijana mwenye afya angeuvumilia unaweza kuwa hatari kubwa kwa mtoto mchanga, mama mjamzito, mzee, au mgonjwa wa pumu. Andika: ndani ya chumba hiki analala mtoto wa miezi minne. Si aibu, wala si kuomba huruma. Ni habari ambayo mwenye nyumba anatakiwa na sheria kuizingatia.

Ndugu wapendwa, taarifa ya uharibifu ni jambo moja, na malalamiko ni jambo jingine. Hapa wengi hupotea. Mama mmoja hupiga simu mara ishirini kwa mwaka akidhani amelalamika mara ishirini, kumbe katika kompyuta ya wenye nyumba ameomba fundi mara ishirini, na ombi kila mara limefungwa. Malalamiko ni kusema: sikuridhika na jinsi mlivyonitendea. Kanuni ya Kushughulikia Malalamiko, ambayo tangu tarehe 1 Aprili 2024 ina nguvu ya sheria kwa wenye nyumba za jamii wote, inasema mpangaji halazimiki hata kulitaja neno lenyewe. Akionyesha kutoridhika, yatosha. Hata hivyo sisi tunashauri mlitaje wazi, na mlitaje kwa Kiingereza: complaint. Neno hilo likiandikwa juu ya barua, karani hana pa kulificha.

Malalamiko yana ngazi mbili. Katika ngazi ya kwanza wenye nyumba wakiri kuyapokea ndani ya siku 5 za kazi, na watoe jibu kamili ndani ya siku 10 za kazi baada ya hapo. Usiporidhika, omba ngazi ya pili. Hapo wakiri tena ndani ya siku 5, na wajibu ndani ya siku 20. Wanaweza kuomba nyongeza ya muda kwa sababu nzuri, lakini sharti wakuambie. Kwa hiyo bila nyongeza, jambo lote limalizike kwa wiki nane hivi. Na si lazima ulalamike wewe mwenyewe. Kanuni inaruhusu mtu mwingine akusemee ukimpa idhini, awe ndugu, rafiki au kiongozi wa jumuiya yako.

Tunaomba sana mtu huyo asiwe mtoto wako wa miaka kumi. Tumeona watoto wakitolewa shuleni kwenda kumtafsiria mama yao kwa wenye nyumba, wakitamka mbele ya wageni habari za ugonjwa wa baba na madeni ya nyumbani. Huo si mzigo wa mtoto. Ombeni mkalimani, na mkiona aibu kuomba, jumuiya iwaombee.

Ngazi zote mbili zikiisha bila haki kupatikana, anakuja yule tuliyemwita Msuluhishi, ambaye hapa huitwa Housing Ombudsman. Waliokuwa watu wazima Tanzania kabla ya mwaka 2001 wataikumbuka Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, ambayo mwananchi aliyeonewa na ofisi ya umma aliweza kuiandikia bila wakili. Kazi yake inafanana na hiyo. Hatozi kitu. Zamani ilibidi mpangaji apitie kwa mbunge au diwani, au angoje majuma manane, lakini tangu tarehe 1 Oktoba 2022 kizuizi hicho kimeondolewa. Msikawie, maana malalamiko yafikishwe kwake ndani ya miezi 12 tangu jibu la mwisho la wenye nyumba. Anaweza kuwaamuru waombe radhi, walipe fidia, na wafanye matengenezo. Ila kazi yake huenda polepole, na mtu mwenye mtoto anayekohoa hawezi kuitegemea hiyo peke yake.

Kwa ajili hiyo zipo njia nyingine mbili. Ofisi ya afya ya mazingira ya halmashauri inaweza kuja kupima hatari za nyumba chini ya sheria ya mwaka 2004 na kumwamuru mwenye nyumba, isipokuwa pale mwenye nyumba anapokuwa halmashauri yenyewe, maana haiwezi kujishtaki. Njia ya pili ni mahakama, na msaada wa serikali wa gharama za wakili unaweza kupatikana ikiwa afya ya familia imo hatarini na kipato ni kidogo. Hapa tunatoa onyo. Siku hizi wanapita mlango kwa mlango watu wenye fulana za kampuni, wakiahidi kwamba hutalipa hata senti na utapata maelfu. Baadhi ni wa kweli. Wengine hukutia katika mkataba usioufahamu, na mara nyingine gharama hukurudia wewe. Usitie sahihi mlangoni. Wala usikubali kuandika kwamba mtoto ameugua ikiwa hakuugua. Malalamiko ya uongo ya mmoja huwafanya kumi wenye haki wasisadikiwe.

Na kodi? Katika kila jumuiya tunayoitembelea huulizwa: kwa nini tusiache kulipa mpaka watengeneze? Tunajibu: la, msifanye hivyo. Kodi isiyolipwa ni deni, na deni la kodi ni sababu ambayo mwenye nyumba anaweza kwenda nayo mahakamani kuomba akutoe. Umeanza ukiwa mdai, utamaliza ukiwa mdaiwa.

Lakini tunajua kwamba kinachowazuia wengi si ujinga wa sheria, bali hofu. Hofu ya kufukuzwa, hofu ya kuonekana mtu mbaya, na kwa wasiopata bado makaratasi ya kudumu, hofu kwamba malalamiko yatafika ofisi ya uhamiaji. Juu ya hilo la kufukuzwa twaweza kuwatuliza kwa sehemu. Mpangaji wa kudumu wa halmashauri au wa chama cha nyumba hawezi kutolewa bila amri ya mahakama na bila sababu iliyotajwa katika sheria, na kuomba fundi si mojawapo. Walio katika mwaka wa kwanza wa majaribio kinga yao ni ndogo zaidi. Nao walalamike, ila kodi yao iwe safi.

Wako pia wazee wetu wasemao kwamba Mkristo mwema huvumilia, na kwamba kwa mtu aliyepokewa ugenini kulalamika ni utovu wa shukrani. Tunawaheshimu, lakini katika hili hatukubaliani nao. Mtu anaweza kujichagulia mwenyewe kuvumilia. Hana haki ya kuchagua kwa ajili ya mapafu ya mtoto. Tume ya Kipapa ya Haki na Amani, katika hati yake ya mwaka 1987 kuhusu watu wasio na makao, ilifundisha kwamba makao yanayofaa ni haki ya kila binadamu. Haki hailipiwi kwa kunyamaza.

Tena kunyamaza hakumlindi mtu. Usiku wa tarehe 14 Juni 2017 liliungua jengo la Grenfell Tower, magharibi mwa London, wakafa watu 72, na miongoni mwao walikuwamo waliotoka Eritrea, Moroko na Gambia. Wapangaji wa jengo lile hawakuwa wamenyamaza. Walikuwa wameandika juu ya usalama wa moto, na mwezi Novemba 2016 kikundi chao kilitahadharisha hadharani kwamba huenda ni maafa tu yatakayoufunua uzembe wa wasimamizi. Tume ya uchunguzi, katika taarifa yake ya mwisho ya Septemba 2024, ilieleza jinsi wasimamizi walivyowaona baadhi ya wapangaji kuwa wachochezi, mpaka uhusiano ukajaa chuki na kutoaminiana. Tunaitaja habari hiyo kwa sababu ipo siku nanyi mtaitwa wachochezi. Neno hilo halijibu hoja ya nani alipaswa kutengeneza nini. Na kwa kuwa sauti moja hubezwa kwa urahisi, kama ngazi nzima ya jengo ina shida ile ile, malalamiko yatiwe sahihi na milango yote. Ipo pia mamlaka ya udhibiti ambayo tangu Aprili 2024 huwakagua wenye nyumba wakubwa, walio na nyumba zaidi ya 1,000, kila baada ya miaka minne. Haishughulikii shauri la mtu mmoja mmoja, lakini hupokea habari za uzembe ulioenea.

Hatuwezi kumaliza bila kuwataja walio bado wanangoja uamuzi wa maombi yao ya hifadhi. Wao huwekwa katika nyumba za wakandarasi wa Serikali, si kama wapangaji, na muda wa Sheria ya Awaab hauwahusu, wala Msuluhishi wa nyumba hawashughulikii. Tunaona kwamba hilo ni pengo kubwa, maana ukungu haumwulizi mtu makaratasi yake. Kwa sasa njia yao ni simu ya shirika la Migrant Help, inayopokea taarifa saa zote kwa lugha mbalimbali. Nao pia waombe namba ya kumbukumbu.

Kwa vitendo, tumekubaliana na Halmashauri ya Walei mambo yafuatayo. Kila Jumuiya Ndogo Ndogo ichague watu wawili, ikiwezekana mwanamke na mwanamume, mmoja wao awe anaandika Kiingereza vizuri. Wawe na daftari moja la malalamiko: jina la mpangaji, tarehe ya taarifa, namba ya kumbukumbu, tarehe ambayo jibu linatakiwa, na kilichotokea. Daftari hilo lisisomwe hadharani wala kuachwa kanisani, kwa kuwa lina siri za familia. Kila mwezi wawili hao wazipitie tarehe, na pale muda ulipopita waiandike barua ya ngazi inayofuata pamoja na mwenye shauri. Nyumba zenye watoto wa chini ya miaka mitano na wazee zitembelewe kwanza, kabla ya baridi ya Novemba.

Mfano wa barua ya taarifa, wa barua ya malalamiko ya ngazi zote mbili, na wa hati ya idhini ya kusemewa, tumeuweka katika lugha zote mbili. Viongozi watauchukua kwa katibu wa Tume baada ya Misa ya Jumapili ya pili, na wasioweza kufika watatumiwa kwa posta.